Upele wa Ulimi Unaorudi kwa Mtoto: Kabla ya Kununua Chupa Nyingine ya Dawa

Katika kliniki za watoto hapa Nairobi tunapokea watoto ambao ulimi umeshapakwa rangi ya zambarau. Ni jivii (dawa ya kupaka ya zambarau, gentian violet) ya kemisti, na ikishapakwa, daktari haoni tena kilichokuwa chini yake. Tafadhali mlete mtoto na ulimi wake ulivyo, pamoja na chupa za dawa alizotumia, hata kama zimekwisha.

Upele wa mara moja si jambo la kutisha. Ukirudi kila mwezi, kuna kinachourudisha, na mara nyingi dawa ileile haikigusi.

Kwa anayenyonya, wa kwanza kushukiwa ni ukungu wa kandida. Mabaki ya maziwa hufutika kwa kitambaa safi. Ukungu hung'ang'ania, na ukiulazimisha panabaki pekundu au panatoa damu. Usilazimishe. Hutibiwa kwa matone ya nistatini, kwa kawaida mara nne kwa siku baada ya kunyonya, yakigawanywa pande zote mbili za mdomo, na kuendelea kwa siku mbili baada ya madoa kutoweka. Wengi huacha siku ulimi unapong'aa, kisha wanalalamika kuwa wameuziwa dawa feki. Chuchu za mama nazo zikaguliwe siku hiyohiyo, la sivyo mama na mtoto wataambukizana bila kikomo. Chuchu za chupa zichemshwe kila siku.

Antibiotiki za kila kikohozi huua bakteria wanaouzuia ukungu kutamba. Dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi nayo huweza kuuleta, mtoto asiposuuzwa mdomo baadaye. Ukungu ukiendelea kurudi kwa mtoto aliyekwisha kuacha kunyonya, au akimeza kwa taabu, tutaomba vipimo zaidi, kikiwemo cha VVU. Hiyo si tuhuma kwa mama, na wazazi wanaotoka kliniki kwa hasira kabla ya kupimwa wanamcheleweshea mtoto matibabu.

Mabaka mekundu yenye ukingo mweupe, leo huku, kesho kule, ni ulimi wa ramani. Hauambukizi wala hauhitaji dawa. Ndimu au pilipili inaweza kuuwasha, basi. Tunashangaa ni fedha ngapi zimemwagwa kwenye jambo hili.

Ulimi mwekundu, laini kama uliolambwa, kwa mtoto anayeshinda kwa chai na mkate, hutupeleka kwenye upungufu wa madini ya chuma, foleti au vitamini B12. Chai pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma. Malengelenge ulimini, viganjani na nyayoni, hasa kwa mtoto wa dekea (kituo cha kulelea watoto mchana), ni ya virusi na huisha yenyewe kwa takriban wiki moja. Kinachohitajika ni vinywaji vya kutosha na dawa ya kutuliza maumivu.

Na kukata kimio? Hapana. Kung'oa yale yanayoitwa meno ya nailoni, yaani vichipukizi vya meno ya utotoni ndani ya ufizi? Hapana. Mtoto huvuja damu, huingiwa na vimelea, na upele unabaki palepale. Asali nayo asipewe aliye chini ya mwaka mmoja, hata ya kupaka tu, kwa hatari ya sumu ya botulini. Chumvi na magadi ya kusugulia yabaki jikoni.

Utaratibu ni huu. Anza zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu, ambako huduma za msingi hazilipiwi kwa aliyesajiliwa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii). Usajili ni kupitia *147#, na mtoto aongezwe kama mtegemezi. Beba kijitabu cha mama na mtoto. Ukihitaji rufaa, utaandikiwa hapo. Ukiruka hatua hiyo, huenda ukarudishwa nyuma.

Ununuapo dawa, hakikisha leseni ya mwaka huu imebandikwa ukutani. Chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura 244, kuuza dawa bila usajili ni kosa lenye faini au kifungo. Malalamiko hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na ushahidi unaosaidia zaidi ni risiti na pakiti, si kisa cha mtaani.

Nenda hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki mtoto asipoweza kunywa, akikaa zaidi ya saa nane bila mkojo, au akiwa na homa ya siku tano pamoja na ulimi mwekundu na macho mekundu. Kidonda cha mahali pamoja kisichopona kwa wiki mbili nacho kichunguzwe.