Kuyeyuka Si Kupakika: Dhana Potofu Kuhusu Polima za Seli za Sola

Hivi karibuni mwanafunzi wa uzamili alinijia na kichupa cha myeyusho wa polima (molekuli ndefu kama mnyororo) aliyoihangaikia kwa miezi minne, akakiinua kwenye mwanga ili nione kwamba hakina chembe hata moja, kisha akauliza ni lini tutaanza kutengeneza seli za sola. Sikumlaumu, ingawa swali hilo nimelisikia hadi nimechoka. Asubuhi yake kichupa kile kile kilikuwa kimeganda kama uji uliolala.

"Polima ikishayeyuka, kazi imekwisha." Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote. Ni kweli kwamba kuyeyuka ni hatua ya kwanza: politiofini tupu, yaani polima iliyoundwa kwa pete za kaboni na salfa, ni unga usioyeyuka katika viyeyushi vya kawaida, na ndiyo maana wanakemia waliipachika minyororo ya pembeni yenye kaboni sita, wakapata P3HT, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa polima ya kwanza kwa kila aliyeanza kazi hii. Lakini minyororo hiyo ya pembeni hainyonyi mwanga wala haipitishi chaji. Ukiirefusha ili polima iyeyuke kwa urahisi, unazitenganisha pete ambazo zinapaswa kulaliana ili chaji iruke kutoka molekuli moja hadi nyingine; ukiifupisha mno, polima inashikamana na kuganda kabla haijafika kwenye kioo inamopakwa.

Hata urefu ukipatikana, linabaki suala la namna utando unavyokauka, na hapo ndipo wengi hawataki kusikiliza. Ndani ya seli, polima huchanganywa na kipokezi cha elektroni (molekuli inayozichukua elektroni), na jozi ya elektroni na tundu (nafasi chanya ambayo elektroni imeiacha) inayozaliwa na mwanga husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kuzimika. Kwa hiyo polima na kipokezi vinapaswa kujitenga katika vijisehemu vinavyokaribia kipimo hicho, na sehemu kubwa ya mpangilio huo huamuliwa katika muda mfupi ambao kiyeyushi kinaondoka. Kati ya viyeyushi, klorofomu huchemka kwenye nyuzi 61 za Selsiasi, klorobenzini kwenye nyuzi 132. Ukibadilisha moja kwa nyingine, bila kugusa kitu kingine chochote, unaweza kupata seli tofauti kabisa. Zipo polima, kama PffBT4T-2OD, ambazo hupakwa zikiwa za moto kwa makusudi, kwa sababu hujikusanya kadiri zinavyopoa, na kupoa huko ndiko kunakoupanga utando.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wanaweza kuukariri usingizini, ni kuachana mapema na mashine ya kuzungusha kioo ili kusambaza utando, ambayo hurusha pembeni sehemu kubwa ya wino (ndio myeyusho unaopakwa) na kuukausha utando kwa namna isiyofanana na mtambo wa kupaka plastiki inayokunjuka kutoka kwenye roli. Tumieni wembe wa kupakia, katika hewa ya kawaida, na zailini au kiyeyushi kingine kisicho na klorini, tangu miligramu za kwanza. Polima inayokubali klorobenzini peke yake, ndani ya kisanduku cha nitrojeni, haijawa wino.

"Ufanisi wa kugeuza mwanga kuwa umeme umevuka 19%, basi paneli zi karibu kufika dukani." Mwaka 2019 kipokezi cha Y6, kikiwa pamoja na polima ya PM6, kilifikisha 15.7%, na tangu hapo maabara kadhaa zimepanda zaidi. Hata hivyo, seli za rekodi kwa kawaida huwa na eneo la milimita chache za mraba, na utando wa nanomita 100 ambao vumbi moja tu linaweza kuutoboa. Nionyesheni mita moja ya mraba, kisha tuzungumze juu ya paa.

"Tuyeyushe chupa za maji tutengeneze sola." Hapana. Polima zilizowapatia wanasayansi Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000 zina vifungo maradufu vinavyopokezana na vifungo vya kawaida katika uti wote wa molekuli. Katika plastiki ya chupa mfuatano huo umekatika, na elektroni hazina njia.

"Ni za kikaboni, kwa hiyo hazina madhara." Kikaboni hapa maana yake ni kemia ya kaboni, wala si mboga zisizotiwa dawa. Klorobenzini nayo ni ya kikaboni, na anayetaka kuinusa na asiinuse katika maabara yangu.