Udongo hauoni mionzi, unaona chaji

Kuna swali naulizwa karibu kila mara nikisema kazi yangu ni kemia ya udongo: hapa si kuna mfinyanzi mwingi, utazuia mionzi isifike kwenye maji, au sio? Na mi huwa nauliza tu, mionzi ya nini? Maana udongo wenyewe haujui mionzi kabisa, unachojua ni atomu ina chaji gani, ina ukubwa gani na kwenye maji imeshikana na nani.

Chukua sesiamu-137, atomu ya mionzi ambayo nusu-uhai wake (muda wa nusu ya atomu zake kuoza) ni kama miaka 30. Kwenye maji ni ayoni, yaani atomu yenye chaji, na yake ni chanya moja, inavua maji yaliyoizunguka kirahisi, kwa hiyo inapenya kwenye kingo zilizochakaa za madini ya mfinyanzi yanayoitwa ilaiti, matabaka yanaibana na hapo ndo imekwama. Ndo maana sesiamu iliyotoka kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, kwenye udongo mwingi wenye madini hayo, miaka mingi baadaye bado ilikuwa sentimita chache tu kutoka juu. Sasa nenda kwenye udongo wa kinamasi, mboji karibu tupu. Ukipima, mboji ina chaji hasi nyingi kuliko mfinyanzi wenyewe, unasema safi, hii itashika (nilishawahi kuandika hivyo kwenye mtihani, nikala sifuri). Tatizo ni kwamba mboji haibagui, inaishika sesiamu juujuu kama ayoni nyingine yoyote, mizizi inaivuta, majani yanapanda nayo, kondoo anakula. Kuna mashamba ya Wales na Cumbria, kule Uingereza, kwa sababu ya sesiamu hiyo ya Chernobyl yalibaki na masharti ya kuuza kondoo mpaka 2012!

Afu kuna potasiamu na amoniamu, hizi zinatoshea kwenye mianya ileile ya ilaiti. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya 2011 wakulima wa mpunga waliongezewa mbolea ya potasiamu, mzizi ukishiba potasiamu hauna haja sana na sesiamu. Amoniamu ni kinyume, ikijaa kwenye udongo uliofurika maji na kukosa oksijeni inaisukuma sesiamu itoke nje.

Strontiamu-90, nayo atomu ya mionzi, ni habari nyingine, inajifanya kalsiamu, haina mwanya wa kukwamia, inabadilishana nafasi tu na kusogea. Udongo wenye asidi na kalsiamu kidogo ukiuwekea chokaa, mimea inachukua strontiamu kidogo zaidi.

Ila usikimbilie chokaa kama kuna urani, maana chokaa inaongeza kaboneti. Penye oksijeni urani inashikana na kaboneti, inageuka kitu chenye chaji hasi ambacho mfinyanzi unakisukuma mbali, kinaondoka na maji. Teknetiamu-99, atomu nyingine ya mionzi, yenyewe wala haihitaji kaboneti, penye oksijeni tayari ina chaji hasi, inakwenda na maji mpaka ikute sehemu isiyo na oksijeni, pale inapokea elektroni na kuganda, na urani hivyohivyo. Yaani tope lilelile linaloachia sesiamu ndo linalozikamata hizi mbili.