Mtandao wa reli wa kikoloni ni nini? Mfano wa Reli na Bandari za Afrika Mashariki

Mtandao wa reli wa kikoloni ni jumla ya njia za treni zilizojengwa na serikali ya kigeni ndani ya nchi inayoitawala, kwa kazi mbili kubwa: kupeleka askari na maofisa bara, na kushusha mazao na madini bandarini. Ramani yake haijifichi. Njia inaanzia baharini, inapanda bara, inaishia ziwani. Matawi yapo, ila mengi yanakwenda kwenye mashamba ya walowezi, pamba, magadi au shaba. Ni nadra kukuta tawi lililojengwa ili watu wa mji mmoja wawafikie jirani zao wa mji wa pili.

Sisi Afrika Mashariki mfano tunao nyumbani. Tarehe 1 Mei 1948 Waingereza waliunganisha reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika kuwa shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu yake yakiwa Nairobi. Shirika hilo liliendesha treni, meli za maziwani, magati na karakana kutoka Mombasa na Dar es Salaam hadi ndani kabisa ya bara. Wazee waliolifanyia kazi bado wanalitaja kwa fahari, na wana haki.

Lakini shirika hilo liliungana kwenye karatasi kabla reli zenyewe hazijaungana. Kwa miaka 15 ya mwanzo, behewa lililopakiwa Dar es Salaam halikuwa na njia ya kufika Nairobi juu ya chuma, wala kufika Tanga, iliyo ndani ya Tanganyika hiyo hiyo. Chanzo chake ni jinsi njia tatu za mwanzo zilivyojengwa, kila moja kivyake.

Njia tatu, bandari tatu

Ya kwanza kuanza ni ya Tanga. Kampuni ya Wajerumani ilianza kuijenga mwaka 1893, ikalenga mashamba ya Usambara. Ilikwenda kwa kusuasua kwa sababu ya ukata: Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905. Moshi ilifikiwa mwaka 1911, takriban kilomita 350 kutoka baharini. Arusha ilisubiri hadi 1929, Waingereza wakiwa wameshashika nchi. Katika ukanda huo katani na kahawa ndizo zilizoilisha reli, na reli ikazilisha.

Ya pili ni Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi George Whitehouse. Ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Wengi hujiuliza kwa nini iliitwa Reli ya Uganda na ilhali iliishia Kisumu. Siku reli inafika, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Mpaka wa Uganda ulishuka hadi Bonde la Ufa, na mwaka 1902 ndipo Waingereza walipoihamishia sehemu hiyo upande wa Kenya ya leo, reli yote ikawa chini ya utawala mmoja. Basi mpaka wa Kenya na Uganda tunaoujua leo una mkono wa reli ndani yake.

Ya tatu ni Reli ya Kati. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia ya misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikaumaliza uchumi wa wapagazi uliokuwa umewalisha Wanyamwezi kwa vizazi kadhaa. Bagamoyo na Ujiji zote mbili zilirukwa. Dar es Salaam na Kigoma zikachukua nafasi zao. Meli ya Graf von Götzen ilipita kwenye reli hii ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyopangwa kukutana na nyingine. Wajerumani na Waingereza walikuwa wanashindana, na kila mmoja alitaka mizigo ya maziwa makuu ishuke kwenye bandari yake.

Geji

Ingawa walishindana, pande zote mbili zilichagua upana uleule. Geji ni nafasi kati ya reli ya kushoto na ya kulia, ikipimwa upande wa ndani, na hapa ilikuwa milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Geji nyembamba ni nafuu: kona zinaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo njia inauzunguka mlima badala ya kuutoboa, na tuta na madaraja yanahitaji mali kidogo. Waingereza walikuwa na sababu nyingine ya ziada. India ilikuwa na reli nyingi za mita moja, hivyo vichwa vya treni, mabehewa, mafundi na kanuni za kazi viliweza kuletwa kutoka huko vikiwa tayari.

Mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli ili kuzishika, nayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Katika nchi nyingi taruma lilikuwa gogo la mbao. Hapa mchwa wangelimaliza, kwa hiyo mengi yaliwekwa ya chuma, yamekunjwa kingo zake kwenda chini ili yaung'ate udongo na kokoto. Mataruma ya namna hiyo yamedumu kwa miongo mingi chini ya treni nzito kuliko zile yaliyotengenezewa.

Wepesi huo wa njia ulileta tatizo miaka ya 1950, mizigo ya Mombasa ilipofurika. Dawa ilikuwa vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt. Shirika liliagiza 34 vya daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 250. Tanki la mvuke lilining'inizwa katikati, na injini mbili zikawekwa mbele na nyuma, kila moja ikizunguka kwenye kiungo chake. Hivyo kichwa kirefu kiliweza kujipinda kwenye kona, na uzito wake ukagawanyika kwenye magurudumu mengi bila kuzivunja reli. Vilikuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote duniani kwenye geji ya mita moja, na vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili vimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote hiyo miwili iko Tanzania.

Nani alilipa

Gharama ya Reli ya Uganda ilipita pauni milioni 5, fedha za mlipa kodi wa Uingereza. Gharama ya watu ilikuwa kubwa zaidi. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walikufa kwa malaria, kuhara na ajali. Hadithi ya simba wa Tsavo, waliokula vibarua wa reli mwaka 1898, imesimuliwa mno, mpaka imefunika vifo hivyo vingine ambavyo havikuwa na simba ndani yake. Karibu 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Kwenye njia za Wajerumani kazi ya koleo na sururu ilifanywa zaidi na Waafrika, na kodi iliyotozwa kwa fedha taslimu iliwasukuma wengi kwenda kuifanya.

Reli ilikuwa lazima irudishe fedha, na nyika kati ya Mombasa na Kisumu haikuwa na mzigo wa kutosha. Kamishna wa wakati huo, Charles Eliot, aliona jibu ni kuwaita walowezi wa Kizungu wapewe ardhi ya nyanda za juu. Mwaka 1904 Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa, kwenye maeneo mazuri ya malisho kando ya reli, sehemu yao wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaambiwa waondoke Laikipia nako. Wanandi walipigana kwa miaka kumi kuzuia ardhi yao isipitiwe, hadi Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila kwenye mkutano alioitiwa kwa ahadi ya amani. Mimi naamini historia yoyote ya reli hii inayoanza na madaraja na kuishia na vichwa vya treni, bila kutaja ardhi, ni historia nusu.

Ramani ya matawi ya miaka ya 1920 inathibitisha hilo. Kitale, Thomson's Falls ambayo sasa ni Nyahururu, na baadaye Nanyuki: yote ni maeneo ya walowezi. Hata njia kuu ya kwenda Uganda ilipandishwa uwanda wa Uasin Gishu kupitia Timboroa, kwenye urefu wa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, badala ya kuendelezwa kutoka Kisumu. Ilifika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Jinja kuvuka Nile. Na kwenye nauli, mahindi ya walowezi yalibebwa kwa bei ya chini, huku pamba iliyolimwa na wakulima wa Uganda ikibebeshwa zaidi ya sehemu yake.

Upande wa Tanganyika, Waingereza waliongeza tawi la Tabora hadi Mwanza mwaka 1928. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walikodishiwa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka, ndiyo sababu mzigo wa Kongo, Rwanda na Burundi una historia ndefu kwenye Reli ya Kati. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga, ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Karanga zilikuwa zimeshashindikana zamani.

Kuunganishwa

Kiungo cha kwanza kililetwa na vita. Waingereza walijenga njia kutoka Voi kupitia Taveta ili wawashambulie Wajerumani, na mwaka 1916 ikaigusa reli ya Tanga pale Kahe. Kiungo cha pili kilikuwa maji: meli za Ziwa Victoria zilizopita Kisumu, Port Bell na Mwanza, abiria na mizigo wakishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili.

Reli ya Kati ilibaki peke yake. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, ndipo njia ya takriban kilomita 190 kutoka Mnyusi hadi Ruvu ilipokamilika na kuiunganisha na reli ya Tanga, na kupitia hapo na Mombasa, Nairobi na Kampala. Miaka michache baadaye vikaja vivuko vya Umoja na Uhuru, vyenye reli sitahani, na mabehewa yakavuka ziwa bila kupakuliwa. Mtandao ambao wakoloni waliutangaza mwaka 1948 ulikamilika baada ya wao kuondoka.

Kulikuwa na muungano mwingine uliotangulia, wa wafanyakazi. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma, makuli wa bandarini pamoja na watu wa reli. Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam waligoma, watu wa reli wakawaunga mkono, na mgomo ukapanda na Reli ya Kati kutoka stesheni moja hadi nyingine kuelekea bara. Habari ilisafirishwa na reli ileile iliyojengwa kusafirishia amri.

Kuvunjika

Mwaka 1967 shirika liliingia chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 1969 likagawanywa: reli makao makuu Nairobi, bandari makao makuu Dar es Salaam. Mgawanyo huo haukuponya malalamiko. Karakana kubwa ilikuwa Nairobi, na Tanzania na Uganda ziliona faida za ushirika zinaegemea upande mmoja. Katikati ya miaka ya 1970 kila nchi ilianza kuzuia fedha zilizokuwa zinakusanywa kwake. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na shirika likazaa matatu: la Kenya, la Uganda na la Tanzania. Makubaliano ya kugawana mali yalitiwa saini mwaka 1984.

Vichwa na mabehewa viligawanyika kufuatana na vilipokutwa na mabishano yaliyofuata. Njia ya Voi hadi Kahe, iliyokuwa mlango wa nchi kavu kati ya pande mbili, ilikosa kazi. Mnyusi hadi Ruvu nayo iliendelea kubaki na maana kwa Tanzania peke yake.

Upana wa mita moja, uliokuwa kitu pekee ambacho nchi zote tatu zilikubaliana bila kukaa kikao, sasa una majirani. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina geji ya milimita 1,067 kama reli za kusini mwa Afrika, kwa hiyo kituo cha kuhamishia mizigo kilibidi kijengwe Kidatu. SGR, yaani reli mpya ya geji sanifu, ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017, na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria 2024, zote zina milimita 1,435. Zinaweza kuungana siku moja. Mpaka sasa kila moja inaanzia kwenye bandari yake na kuelekea bara.