Je, wajua kuna fangasi anayekula fangasi wenzake shambani?

Miche ya nyanya ikianza kulala kitaluni, shingo imeoza pale chini, ushauri utakaoupata Lushoto hadi Muheza ni uleule: choma udongo, upike kwenye pipa mpaka kila kitu kife, panda upya. Si udongo safi hauna ugonjwa? Hauna kweli, ila kwa muda mfupi tu.

Udongo uliopikwa kupita kiasi ni kama soko la Mgandini pale Tanga siku wauzaji wote wametimuliwa, vizimba vitupu, atakayewahi kuingia anajichagulia bila kusukumana na mtu, na mara nyingi anayewahi ni walewale Rhizoctonia na Pythium wanaoozesha miche, wanarudi na maji ya mfereji au jembe lenye tope. (Pythium kitaalamu wala si fangasi, ukoo wake uko karibu na mwani, ila mche haujali.) Kwenye udongo ambao haujapikwa wangekuta vizimba vimejaa, chakula kimeshagawanwa, na wenyeji wenyewe, yaani vijidudu wengine wa udongoni, ni wakali. Ndo maana wanaotumia mvuke hupasha nyuzi 60 hivi za Selsiasi kwa nusu saa basi, maadui wengi wanakufa na baadhi ya wenyeji wanapona.

Mmoja wa hao wakali ni Trichoderma, ukungu wa kijani unaoota hata kwenye magogo. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling wa Marekani alieleza Trichoderma anavyomvamia Rhizoctonia: anamzungushia nyuzi zake na kumuua. Leo inajulikana pia anatoa vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta wa seli, halafu anakula kilichomo. 1936 yeye na Fawcett wakachapisha majaribio ya kuokoa miche ya michungwa kwa njia hiyo. Michungwa jamani, wakulima wa machungwa Muheza mpo?

Sasa huyu anakinga, hatibu. Anachanganywa na mboji kabla ya kupanda, na ukimpigia dawa ya fangasi unaweza kumuua na yeye. Fusarium, fangasi wa mnyauko, akishaingia kwenye mishipa ya maji ya mmea hamfikii, na ushindi wa maabarani huwa haurudii hivyohivyo shambani, joto na ukavu vina maneno yao. Na nyanya ikinyauka ghafla huku majani bado ya kijani, kata shina ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe unashuka taratibu hao ni bakteria, Trichoderma usimtegemee hapo.