Ati vihami viwili haviwezi kupitisha umeme

Kila nikieleza kwamba LaAlO₃ (oksidi ya lanthani na alumini) na SrTiO₃ (oksidi ya stronti na titani), ambazo zote ni vihami, yaani kila moja peke yake haipitishi umeme, hupitisha umeme pale zinapokutana, jibu ni lilelile: "Basi kuna uchafu." Nimelisikia hadi limenichosha.

Chini ya jibu hilo kuna dhana kwamba mpaka, yaani pale oksidi mbili zinapogusana, ni wastani wa pande zake mbili. Sivyo. Ndani ya LaAlO₃ tabaka za atomu hupokezana: LaO yenye chaji chanya, AlO₂ yenye chaji hasi. Tabaka za SrTiO₃, yaani SrO na TiO₂, hazina chaji. Kadiri utando wa LaAlO₃ unaokuzwa juu ya SrTiO₃ unavyonenepa, volteji ndani yake hupanda, hadi elektroni hulazimika kuhamia upande wa SrTiO₃ na kukaa kwenye titani. Watafiti Ohtomo na Hwang waliripoti mpaka huo mwaka 2004. Mwaka 2006 ikaonekana kuwa unene wa seli tatu za LaAlO₃ (seli ni kipande kidogo kabisa cha fuwele kinachojirudia) hautoshi. Ikiongezwa ya nne, umeme unapita. Uchafu gani huo unaojua kuhesabu hadi nne? Tena SrTiO₃ ikiishia na tabaka la SrO badala ya TiO₂, mpaka unabaki kihami.

Wenye shaka wana hoja moja ya maana. Utando ukikuzwa kwenye oksijeni haba, SrTiO₃ hupoteza oksijeni, kila pengo huacha elektroni, na umeme hupita hadi ndani kabisa ya fuwele. Ndiyo maana nasisitiza: pasha sampuli ndani ya oksijeni kabla ya kupima chochote. Isiyopashwa msiniletee. Hata ikipashwa, nadharia hudai nusu elektroni kwa kila seli, ilhali vipimo vya upitishaji kwa kawaida hupata chache zaidi, kwa hiyo mjadala kuhusu mapengo ya oksijeni kwenye uso wa utando haujafungwa.

Kwa wanaouliza kama mpaka huu utatupa nyaya zisizo na ukinzani, yaani zisizozuia umeme hata kidogo: ndiyo, mwaka 2007 ilionekana kuwa mpaka huu hupoteza ukinzani wote, lakini kwenye takriban kelvini 0.2 (0.2 K), karibu kabisa na sifuri halisi ya joto. Sahau nyaya.

Wala maajabu ya mpaka si mambo ya oksidi pekee. Karatasi mbili za grafini (kaboni yenye unene wa atomu moja) zikipishana kwa pembe ya nyuzi 1.1 hupoteza ukinzani chini ya 2 K, na hapo hakuna tabaka za chaji zinazopokezana.

Na wanaosema mpaka huharibu tu sifa za utando waitazame FeSe, mchanganyiko wa chuma na seleni: ikiwa donge nene, hupoteza ukinzani karibu na 8 K, ikiwa tabaka moja juu ya SrTiO₃, dalili za hali hiyo huonekana hadi karibu na 65 K.