Uzi Mwekundu Haumfanyi Mtu Kuwa Myahudi

Wengi huamini kwamba Madonna aliingia dini ya Kiyahudi. Ukweli ni kwamba mwimbaji huyo, aliyelelewa katika Ukatoliki, alianza katika miaka ya 1990 kusoma Kabala, yaani elimu ya batini ya Kiyahudi, katika taasisi ya Los Angeles iitwayo Kabbalah Centre, na mwaka 2004 akatangaza kuwa amejichagulia jina la Esther. Jina halimwingizi mtu katika dini. Taasisi yenyewe, iliyokuzwa na Philip Berg na mkewe Karen, haikumdai mwanafunzi abadili dini, kwani ilifundisha kuwa hekima hiyo ni ya wanadamu wote. Mwimbaji Britney Spears naye alionekana na uzi mwekundu mkononi, kama ule wanaouvaa wanafunzi wa taasisi hiyo, kisha mwaka 2006 akasema ameachana na mafunzo hayo. Aliacha masomo, Uyahudi hakuwahi kuuingia.

Dhana ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye madhara zaidi, ni kwamba uzi huo ndio Kabala. Kuufunga ni desturi ya watu wa kawaida ya kujikinga na kijicho, inayohusishwa na kaburi la Raheli karibu na Bethlehemu, na hauna uzito mkubwa kuliko hirizi yoyote. Kitabu kikuu cha elimu hii ni Zohar, kilichoandikwa kwa Kiaramu na kujitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Mapokeo humtaja Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2 kuwa mwandishi wake, ilhali wanazuoni waliomfuata Gershom Scholem, mtafiti wa Kabala wa karne ya 20, huiona sehemu kubwa ya kitabu hicho kuwa kazi ya Moses de León, mwandishi Myahudi wa Hispania wa karne hiyo ya 13. Katika karne ya 16, huko Safed, mji wa Galilaya, rabi Isaac Luria alifundisha kwamba vyombo vilivyobeba nuru ya Mungu vilivunjika wakati wa uumbaji, cheche zake zikatawanyika ulimwenguni, na kwamba binadamu huzikusanya kwa sala na kwa kuzishika amri za Torati. Ukiziondoa amri hizo, fundisho la Luria halina tena mahali pa kusimama, na hapo ndipo marabi wengi walipoipinga Kabala ya watu mashuhuri.

Wapo pia wanaodai kuwa ni haramu kabisa kwa aliye chini ya miaka 40 kuisoma. Hiyo ni tahadhari ya kimapokeo, si amri ya Torati. Luria mwenyewe alifariki mwaka 1572 akiwa na miaka 38.

Ama kuhusu kubadili dini, hudhaniwa kuwa msanii huamua leo na kesho akawa Myahudi. Kwa desturi, rabi kwanza humvunja moyo anayebisha hodi ili aipime nia yake. Hufuata masomo marefu, mahojiano mbele ya baraza la watu watatu, tohara kwa wanaume, na kuzama mwili mzima katika birika la utakaso. Mwigizaji Elizabeth Taylor alibadili dini mwaka 1959, filamu zake zikapigwa marufuku Misri, naye akabaki katika dini hiyo hadi kifo chake mwaka 2011. Huyo hakufuata mtindo wa msimu.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni la matajiri wa Marekani pekee. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, jamii ya Kiyahudi iitwayo Abayudaya ilianza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, alipojitahiri pamoja na wanawe baada ya kuisoma Biblia. Iliteswa chini ya Idi Amin, aliyepiga marufuku ibada zake, na mwaka 2002 mamia ya watu wake walipitishwa rasmi na baraza la marabi wa Conservative, madhehebu ya Kiyahudi yenye msimamo wa kati. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi Los Angeles, mji uleule wa akina Berg, akawekwa wakfu mwaka 2008 na kurudi Uganda kuwahudumia watu wake, ingawa marabi wa Kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali zaidi, hawautambui uongofu huo wa 2002.