Je, wajua? Kwa nini mkaa usiotoa moshi ni hatari kwa mtoto tumboni kuliko harufu ya jiki

Mjamzito akifungua chupa ya jiki, harufu ikampanda puani, mkono unakimbilia tumboni: mtoto atakuwa salama kweli? Jioni ya siku hiyohiyo umeme unakatika, mvua inanyesha, na jiko la mkaa linaingizwa ndani limalizie maharage. Mlango unafungwa kuzuia baridi. Mkaa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Hapo hakuna anayeshika tumbo.

Jiki tuimalize upesi. Inawasha pua na koo, ila inapogusa ute na unyevu wa mwili huvunjika haraka, na sehemu kubwa huishia kuwa chumvi na maji. Kwa hiyo kuinusa kwa bahati mbaya wakati wa kufua hakumfikishii mtoto sumu. Kosa ni kuichanganya na dawa ya choo yenye asidi, kwani hapo hutoka gesi ya klorini inayounguza mapafu ya mama. Ikitokea, acha kila kitu utoke nje.

Mkaa una mambo mengine. Ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na isiyowasha macho. Ikifika mapafuni hung'ang'ania hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama daladala iliyojaa abiria wasioshuka: inapita kila kituo, na waliokuwa wakiingojea wanabaki palepale.

Kwa nini mtoto aumie zaidi? Hemoglobini yake si sawa na ya mama. Imeumbwa kunyakua oksijeni kutoka damu ya mama kupitia kondo la nyuma, na mshiko huohuo ndio unaoing'ang'ania gesi hii. Isitoshe, hata siku ya kawaida yeye huishi kwa oksijeni kidogo kuliko mama, kwa hiyo hana akiba. Gesi humwingia polepole na kumtoka polepole zaidi. Mama akivuta hewa safi, nusu ya gesi humtoka katika saa 4 hadi 5 hivi; mtoto huchukua muda mrefu kuliko huo. Kichwa cha mama kimeshaacha kuuma, anacheka na majirani, na mtoto bado yumo ndani ya moshi usioonekana.

Dalili nazo zinapoteza watu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Nani mwenye mimba asiyezijua? Angalia mambo mawili. Je, na wengine mliokuwa nao chumbani wanajisikia hivyo? Na ukitoka nje, unapata nafuu? Kama jibu ni ndiyo, usiilaumu mimba.

Kuna watakaosema mabibi zetu walipikia ndani na wakazaa. Jiko la bibi lilikuwa la makuti, hewa ikipita juu ya ukuta. Chumba cha tofali chenye dirisha la aluminiamu lililofungwa kisawasawa ni kitu kingine kabisa. Na si kwamba moshi wa bibi haukuwa na madhara. Moshi wa kuni na mkaa wa kila siku unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Dakika chache za kupepea jiko barazani zisikunyime usingizi. Kinachotisha ni chumba kilichofungwa, na zaidi ya yote kulala na jiko linalowaka au makaa yaliyofunikwa majivu. Yakikukuta, toka nje kwanza, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama umeshapata nafuu. Huko mama huwekewa oksijeni kwa muda mrefu kuliko damu yake mwenyewe inavyohitaji, ili na ya mtoto isafike.

Ukifika, taja jiko mapema, na useme mlikaa nalo muda gani. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, cha aina ya kawaida, hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu aliyejaa sumu, na muuguzi asiyeambiwa habari ya mkaa akakuruhusu urudi nyumbani.